Ukoko wa Sufuria Kubwa

Mpishi wa shule moja ya Serowe, nchini Botswana, hupakulia watoto mia mbili uji wa mtama bila kulamba hata mwiko, na walimu huapa kwamba hawajawahi kumwona akila. Gaone, mwalimu wa darasa la pili, ndiye peke yake aliyemwona. Watoto wakishatawanyika, mpishi huupa mlango mgongo, akabandua ukoko kwa kijiko kipana na kuula amesimama, upesi upesi, kama anayeogopa kunyang'anywa. Magoti yake yamechoka kumbeba. Hospitali imekataa kumpasua mpaka apungue kilo kumi na tano, na Ijumaa ndiyo siku ya kupimwa.

"Mma, mizani ikikuona itaomba likizo!" mlinzi humtania. Mpishi huwahi kucheka kabla ya wengine, kwa sauti nyembamba kama ya msichana.

Alhamisi Gaone alimkuta ameketi sakafuni, sufuria mbele yake, kijiko mkononi, bila kula.

"Tulikuwa tisa," mpishi alisema bila kugeuka. "Ukoko mama alinipa mimi, kwa kuwa sikuwa mtoto wa kulalamika. Hakuwa na kingine cha kunipa."

Akaukwangua wote taratibu, akaujaza kwenye kifuniko, akamsogezea. "Kula wewe, mwalimu. Mimi nitatazama tu."

Gaone akala. Kila alipotafuna, midomo ya mpishi nayo ilitafuna.