Sijui Kama Bibi Harusi Alitoka

Muvi za kutisha za mwaka huu nimeonea kwa binti yangu hapa Kitale, na ile napenda kushinda zote sijui mwisho yake. Ni ya bibi harusi amefungiwa kwa nyumba ya marehemu bibi wa kwanza. Kizungu sijui, kwa hivyo watu wa muvi nawasemea mimi mwenyewe. Marehemu namtolea sauti nyembamba: "Nani huyo amevaa leso yangu?" Binti yangu anacheka sana. Lakini marehemu akishika tu mlango, binti anaruka mbele ya tivii na sauti nzito ya pasta: "Shetani, toka hii nyumba! Mama, funga macho tuombe!"

Anaombea watoto, ng'ombe, mpaka shamba yetu ya Kabuchai. Jana nilifungua jicho moja nichungulie, lakini bana, ni mnene kama mimi, amefunika tivii yote. Kusema amina, muvi imeisha.

"Sasa bibi harusi alitoka?"

"Mama, si tumemwombea?"

"Ati tumemwombea! Alitoka ama hakutoka?"

Akazima tivii. Kesho narudi Bungoma, na huko hakuna mtu ameona hiyo muvi.