Usiniambie Kama Mlango Uko Wazi

Ili akuone, yule bibi ilimbidi atazame sikio lako. Ugonjwa ulikuwa umeyala macho yake kwa katikati ukamwachia kingo tu. Akikutazama usoni, uso unapotea. Akitazama pembeni kidogo, unarudi, umefifia lakini upo. Siku ya kwanza nilidhani ana dharau. Shangazi akanikanya: "Anakuona. Tulia akuone."

Shangazi ndiye aliyekuwa akimtunza, kila Alhamisi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, katika nyumba ndogo huko Ilford yenye harufu ya sabuni na chai iliyopoa. Bibi alishamwambia mara nyingi amwite kwa jina lake. Shangazi alikataa. "Nimwite jina mtu aliyemzidi mama yangu umri? Mimi nitamwita Mama. Yeye na aniite apendavyo." Basi akawa Mama, hata kwangu.

Nyuma ya mlango wa jikoni palikuwa na kibandiko chenye alama ya miraba midogo myeusi. Shangazi akiingia, anakisoma kwa simu. Akitoka, anakisoma tena. Hivyo ndivyo ofisi ilivyojua kwamba yupo. Ikipita robo saa baada ya saa nane na hakijasomwa, ofisi inapiga simu ya nyumba. Isipopokewa, msimamizi anakuja mwenyewe. Shangazi alikuwa ameshapata barua moja ya onyo kwa kuchelewa siku ya theluji. Barua ya pili ingemwondolea udhamini wa kibali chake cha kazi, na bila udhamini angekuwa na siku sitini za kutafuta mwajiri mwingine au kurudi Mombasa, ambako alikuwa amefundisha darasa la tatu kwa miaka kumi na tisa kabla ya kuuza vyombo vyake vya ndani ili aje huku.

Yote hayo niliyajua. Nayataja mapema ili mtu asifikiri sikujua.

Alhamisi moja nilikuwa nimekwenda kumpelekea Shangazi mahamri kutoka kwa mama yangu. Nikamkuta Mama ameketi mezani, amevaa koti.

"Anataka kwenda mjini," Shangazi aliniambia kwa Kiswahili. "Nimemwambia haiwezekani. Kumtoa nje ya mtaa kunahitaji fomu, na fomu inahitaji wiki tatu."

"Kwani ni mfungwa?"

"Usianze."

Nilianza. Nilimuuliza Mama kwa Kiingereza anataka kwenda wapi. Akasema kuna picha moja katika lile jumba kubwa la makumbusho, kwenye vyumba vya wachoraji wa Kiholanzi. Ujanani alikuwa mpiga taipu katika ofisi iliyo karibu na pale. Saa ya chakula cha mchana alikuwa akila mkate wake ngazini haraka haraka, kisha anaingia kusimama mbele ya picha hiyo. Wakati mwingine alikwenda na dada yake. Picha yenyewe ni ya mwanamke anayeparua karoti, na nyuma yake kuna ujia wenye giza unaoishia kwenye mlango. Dada alishikilia kwamba ule mlango umefungwa. Yeye alishikilia kwamba uko wazi kidogo. Walibishana kwa miaka hamsini, nusu utani na nusu kweli, na hakuna aliyekwenda kuhakikisha, kwa sababu ubishi wenyewe ulikuwa mtamu. Dada alikuwa amefariki msimu wa baridi uliopita. Na daktari wa macho alikuwa amesema kingo nazo zimeanza kuondoka.

"Mbona rahisi," nikasema, nikatoa simu. "Naweza kuitafuta hapa hapa."

Akaufunika mkono wangu kwa mkono wake. "Usiniambie. Nataka kuona mwenyewe."

Nikamgeukia Shangazi. Nikamwambia kwamba sheria ile imewekwa kuilinda ofisi, si kumlinda Mama. Nikamwambia treni ya Ilford ina lifti huku na huku, na kwamba tukitoka kule saa saba kasorobo tutakuwa tumerudi kabla ya saa nane. Nilizungumza vizuri. Nilisomea kuzungumza hivyo.

"Wewe hesabu zako huwa zinatimia kwenye maneno tu," alisema. Lakini alikuwa ameshaanza kukikunjua kiti cha magurudumu cha Mama.

Kwenye treni sikuweza kunyamaza. Nilimweleza Mama kwamba wale Waholanzi waliopendwa kwa mwanga wao wa madirishani walikuwa na visiwa vya watu vilivyochomwa moto kwa ajili ya kungumanga, na meli zilizobeba watumwa, na kwamba vibao vya kwenye makumbusho huyaita yote hayo "biashara".

"Najua, mwanangu," alisema. "Nilikuwa mpiga taipu. Sikuwa mjinga."

Shangazi akacheka hadi akaficha uso kwa mtandio. Hicho ndicho kilichokuwa kicheko cha mwisho cha siku hiyo.

Picha ilikuwa imehamishwa. Chumba alichokikumbuka Mama kilikuwa na mandhari za bahari, ukuta mzima. Tulisukuma kiti chumba hadi chumba tukipita mbele ya wanaume wenye kola nyeupe kubwa kama sahani, na kila mlinzi alituelekeza kwingine. Tulipoipata ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyotegemea, inafunikika kwa viganja viwili vilivyotandazwa.

"Zulia juu ya meza?" Shangazi alininong'oneza. "Hawa hawakuwa na sakafu?"

Niliutafuta mlango. Nusu sekunde ilinitosha. Mwisho wa ule ujia palikuwa na mstari mwembamba wa manjano, wima, kando ya ubao. Uko wazi, nikajisemea. Nikatazama saa.

Mama hakutazama picha. Aliomba asogezwe karibu, kisha akageuza uso na kukazia macho ukuta mtupu upande wa kulia wa fremu. Mlinzi, kijana mrefu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, akaanza kumwangalia yeye badala ya chumba. Mama akakaa hivyo, shingo imepinda, kwa dakika nzima.

"Kisu," akasema.

Muda ukapita.

"Kidole gumba. Ganda la karoti, linaning'inia, halijakatika."

Akasogeza macho kidogo ukutani, labda upana wa ukucha, akangoja tena. Nilipoelewa ndipo nilipoanza kuogopa. Hakuwa akiitazama picha kama sisi, kwa mara moja. Alikuwa akiivuka kwa hatua ndogo ndogo, kutoka kwenye mkono wa yule mwanamke kuelekea ndani, na ujia ulikuwa bado mbali.

Akaomba asogezwe zaidi. Sehemu ya kiti ya kuwekea miguu ikagusa waya ulionyooshwa juu ya sakafu kuzuia watu wasiikaribie picha. Mlinzi akaja.

"Naomba mrudi nyuma."

"Haoni," nikasema.

"Kama haoni, karibu itamsaidia nini?"

Lilikuwa swali la haki, na kwa siku nyingine ningelipenda. Shangazi akakivuta kiti nyuma hatua moja, akamwomba radhi yule kijana kwa sauti ileile ambayo nadhani aliwaombea radhi wazazi wa darasa la tatu. Mama akarudi mwanzo. "Kisu," akasema.

Saa saba kasorobo ikafika. Simu yangu ikatetemeka: treni za kuelekea Ilford zinachelewa. Nikamwonyesha Shangazi.

"Tuondoke sasa," nikamwambia kwa Kiswahili.

"Bado hajafika."

"Hafiki leo. Umemwona? Yuko kwenye aproni bado."

"Mwache."

"Shangazi, kuna barua."

"Barua ni yangu. Naijua inakaa kwenye droo gani." Alikuwa ameketi kwenye benchi, mkoba mapajani, naye akiitazama ile picha kana kwamba ana siku nzima. "Ulisema mwenyewe si mfungwa."

Mama akasema, bila kugeuka, "Lugha yenu siijui, lakini watu wanaogombania saa nawajua. Nipeni dakika chache. Nimeingia kwenye ujia."

Nilimpa tatu. Nilizihesabu. Akilini nilimwona msimamizi akibisha mlango kule Ilford. Nilimwona Shangazi akifunga masanduku kwa sababu ya ufasaha wangu. Kila nilichokuwa nimekidharau jikoni asubuhi, ile fomu, kile kibandiko, ile robo saa, kilikuwa sasa kimesimama kifuani mwangu kikubwa kuliko lile jumba zima. Mama akasema, polepole, "Hapa ubao unaanza," na nikashindwa.

"Uko wazi," nikasema kwa Kiingereza. "Mlango uko wazi kidogo, kuna mwanga. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Sasa twendeni."

Macho ya Mama yalibaki ukutani kwa muda kidogo, kisha akayafumba. Akatafuta breki ya kiti kwa mkono akaiachia mwenyewe.

Kwenye jukwaa tulingoja treni kwa dakika kumi na mbili, na nilikiendesha kiti kutoka stesheni ya Ilford nikikaribia kukimbia. Shangazi alikisoma kibandiko saa nane kasoro dakika mbili. Kisha akaandika kwenye simu maelezo ya siku, kama ofisi inavyotaka. Niliyasoma begani kwake: Amekunywa chai. Amekula hamri moja. Ametulia.

Mama, tulipokuwa tukimvua koti, alisema neno moja tu. "Nilikuwa nimefika kwenye bawaba."

Nje, kwenye njia ya miguu, nilimwambia Shangazi kwamba angefukuzwa.

"Labda," alisema.

"Ungerudishwa nyumbani."

"Labda. Hilo lilikuwa langu, mwanangu. Ulinifanya nichague, nikachagua. Kisha ukachagua tena juu yangu." Akavaa glavu, kidole baada ya kidole. "Na Mama naye hukumuuliza. Wewe si unauliza kila kitu?" Alikuwa na mzee mwingine wa kumwona saa nane na nusu. Akaenda.

Jumamosi nilirudi makumbusho peke yangu. Nilitaka nione nilichokiona. Nilisimama mbele ya ile picha kwa muda mrefu, karibu, mbali, kwa pembeni. Mstari wa manjano ulikuwepo. Lakini kadiri nilivyouangalia ndivyo nilivyoshindwa kusema kama ni mwanga unaopenya au ni ukingo wa fremu ya mlango uliopakwa rangi nyepesi. Niliitafuta bawaba. Kama iko upande ule ule wa mstari, basi, kwa kuwa mlango haufungukii upande wa bawaba, umefungwa na dada ndiye aliyekuwa sahihi. Kulikuwa na alama nyeusi upande huo. Inaweza kuwa bawaba, inaweza kuwa ufa. Nilimuuliza mlinzi, yule yule wa ndevu. Aliinama, akatazama, akasema hajui.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda Ilford na mahamri ambayo mama yangu hakuwa amenituma. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia Mama kwamba sijui, kwamba nilisema bila kutazama, na kwamba ubishi wao na dada bado uko palepale. Shangazi alinifungulia, akarudi kwenye sinki.

Mama alisikia sauti yangu, akageuka.

"Nilirudi kule," nikasema. "Ule mlango—"

"Usiniambie," akasema, kwa upole kabisa, na akaniuliza kama nje kunanyesha.

Alikuwa akinitazama machoni, moja kwa moja. Nilisogea kushoto kidogo, kisha kulia, nikitafuta mahali ambapo angeweza kuniona. Macho yake yakanifuata, kila niliposogea, yakatua katikati ya uso wangu, pale ambapo kwake uso hupotea, na kubaki hapo.