Binti Asiyesalimia

Mchora mabango wa hapa Bagara, tuliyepakana naye vibanda, hupiga mluzi akiwa kazini, na kila rangi huijaribu kwanza mgongoni mwa mkono wake wa kushoto, mpaka jioni mkono unakuwa kama khanga. Pembeni huweka vikombe viwili, cha chai na cha kuoshea brashi, na hajawahi kuvichanganya. Wiki hii mabango kayaacha, anachora kwa rangi ya akriliki binti anayecheka. Ukimuuliza ni nani, mluzi unazidi. Jana akapita bibi mmoja wa kijiji cha Bonga, macho yamefifia, akasimama mbele ya ile picha. "Wewe Brightness! Huoni bibi yako? Salamu imekushinda?" Mchoraji akajificha nyuma ya picha, akabana sauti: "Shikamoo bibi!" "Marahaba." Bibi akampapasa mjukuu shavu, kidole kikarudi na rangi mbichi. Mimi nimeuma shati la mteja ninaloshona, nisicheke. Bibi akakitazama kidole, kisha akamtazama mchoraji nyuma ya picha. "Picha haiposwi, kijana. Tuma mshenga." Akaenda zake. Jirani yangu akanyanyua kikombe cha brashi, akanywa mpaka tone la mwisho, akanigeukia: "Fundi, chai ya leo tamu!"