Mama wa Divai wa Isansa Hakuwa Mpole

Habari za kifo chake zilinikuta sokoni Tunduma, nimesimama mguu mmoja peku mbele ya fundi viatu. Aliyepiga simu ni binti yake, na hakuzunguka: "Mama ametutoka alfajiri. Tunazika kesho saa nane." Kesho yake nikapanda gari hadi Vwawa, nikachukua bodaboda kwenda Isansa, tukasukuma pikipiki kwenye tope zaidi ya tulivyoipanda, na nikawahi kusikia wasifu wa marehemu ukisomwa. Uliposema alikuwa mpole, mtii na asiyependa mabishano, niliinamisha kichwa nisije nikacheka mbele ya jeneza. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua sina desturi ya kuharibu misiba ya watu. Leo huu nitauharibu kidogo. Mama yule hakuwa mpole hata siku moja. Alikuwa mkali, mbishi, na mgumu kushawishika, na namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu bila ukali wake jina la nyumba ya baba yake lingekuwa limebandikwa leo kwenye chupa za uongo katika kila baa ya mpakani.

Nyumba ninayoisema ni kiwanda cha divai, ingawa ukipita barabarani utadhani ni ghala la kahawa. Wamisionari walikijenga kwa matofali ya kuchoma, nusu kimezama ardhini ili kipate ubaridi, wakapanda mizabibu mteremkoni wapate divai ya misa bila kuingoja itoke ng'ambo. Walipoondoka walimwachia fundi wao wa mapipa, naye fundi akamwachia binti yake badala ya watoto wa kiume, jambo lililonung'unikiwa na ukoo mzima. Binti huyo ndiye mama tuliyemzika. Alikanyaga zabibu, akachuja, akaandika karatasi za chupa kwa mkono wake mwenyewe, na kila pipa lililobaki tupu alilijaza maji, maana pipa la mbao likikauka mbao zake huachana na haliwezi tena kushika kitu. Wateja wake walikuwa parokia chache na watu wenye harusi. Wengine aliwaambia wasubiri mwaka ujao.

Mimi nilifika pale mara ya kwanza kwa njia isiyo ya heshima. Mfanyabiashara mmoja wa Tunduma alinibeba kwenye gari lake ili niandike maneno matamu ya kuwekwa kwenye chupa: misheni ya zamani, vilima, mikono ya bibi. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa na chupa ya kinywaji chekundu kilichokorogwa mahali ambapo hakupenda kupataja. Mama alitupokea vizuri, akatuonyesha mapipa, kisha akachota divai yake kwenye kikombe. Kwetu huku mwenye pombe huanza yeye. Anakunywa mgeni akiona, ndipo anamkabidhi, ili mtu asiondoke na wasiwasi juu ya alichopewa. Akapiga mafunda mawili ya maana, akafuta mdomo, akatukabidhi kikombe. Tukanywa. Ilikuwa kavu na kali kidogo, nami niliipenda.

Mwenzangu akaona ndiyo nafasi yake. Akatoa chupa.

"Mama, hii wataalamu wameitengeneza, huwezi kuitofautisha na yako. Wewe tupe jina tu na picha ya jengo. Kazi yote tutafanya sisi, wewe pumzika."

"Mimina," mama akasema.

Akamimina, akampa kikombe kwa mikono miwili. Mama hakukipokea.

"Umeleta wewe. Anza."

"Aa, mama, mimi naendesha gari."

"Dereva wako yuko nje anakula mahindi."

"Halafu nina vidonda vya tumbo."

"Pole. Basi mwandishi wako anywe."

Wakanitazama wote wawili. Ndugu msomaji, nilisema nimefunga. Nilisema hivyo wakati divai yake ilikuwa bado inanukia mdomoni mwangu, na asubuhi ile nilikuwa nimekula chapati mbili Vwawa. Mama hakupandisha sauti. "Wanaume wawili, hakuna mwenye koo," alisema. "Ila mnataka watoto wa watu wanywe, kwa jina la baba yangu." Akachukua kikombe na chupa, akamwaga vyote kwenye shimo la machicha ya zabibu, akaturudishia chupa tupu tuondoke nayo. Nilirudi mwezi uliofuata peke yangu kuomba radhi. Hakusema amenisamehe. Alinipa brashi, nikasugua pipa hadi mgongo ukauma.

Tangu siku ile naitazama Tunduma kwa jicho jingine. Sisi ni mji wa kupitisha vitu. Vinaingia, vinatoka, na tumezoea kuamini kwamba kilichoandikwa nje ya boksi ndicho kilichomo ndani. Tunamwita mjanja anayeuza asichoweza kukiweka mezani kwake mwenyewe, na anayekataa tunamwita mshamba anayechelewesha maendeleo. Mama aliitwa hivyo mbele yangu, na hata nduguze walimwita hivyo. Nami nasema: kama kumlisha jirani kitu unachokiogopa ndiyo maendeleo, basi acha tuchelewe.

Sasa nieleze kwa nini nimekasirika. Siku ya pili baada ya maziko mfanyabiashara yule alinipigia. Alinipa pole, kisha akasema kikwazo kimeondoka na wajomba wa familia wameanza kulainika. Amebaki binti tu, na binti "ataelewa". Akaniomba yale maneno matamu, safari hii na picha ya marehemu juu yake. Nilimwambia hapana. Akacheka, akasema waandishi tuko wengi. Ni kweli tuko wengi, lakini mwenye ukurasa huu ni mimi.

Kwa hiyo wajomba wa Isansa, nawaandikia mkisoma na wengine wakisoma. Dada yenu alinifundisha kwamba jina la kazi halirithiwi bila kazi yenyewe. Anayelitaka akanyage zabibu. Binti yake anakanyaga, mwacheni. Na ninyi mnaokunywa huku mpakani, mizabibu ya mteremko ule haiwezi kujaza hata kibajaji. Mkiona lori limesheheni divai yenye picha yake, jueni huyo mama amekufa mara ya pili, na safari hii kuna waliomuua.