Kibuyu Kilichorudi Kimejaa

Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024, Joackim Buberwa wa Buganguzi, wilayani Muleba, alirudishiwa kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kikiwa kimejaa.

Walioshuhudia ni watu wa nyumba mbili: ya kwake, na ile ya Kanazi, Bukoba Vijijini, alikokuwa amekwenda kumposea mwanawe Mwesiga. Katika koo hizi mbili, kibuyu cha posa kikipokelewa hunywewa, kisha hurudishwa kikiwa na mabaki kidogo chini, ili waliokileta nao wapate. Kikirudi kimejaa, hakuna anayehitaji kuelezwa.

Buberwa ana miaka sitini na mmoja na kibanja cha migomba na kahawa alichorithi kwa baba yake. Sehemu kubwa ya utu uzima wake aliitumia katika ghala la kiwanda kidogo cha bia jijini Mwanza. Aliporudi nyumbani alileta redio, koti la mvua, na mazoea ya kunusa kinywaji kabla ya kukionja. Mazoea hayo aliyapata kwenye hopsi, maua makavu ya kijani ya mmea unaotambaa, ambayo watengenezaji hutia kwenye bia. Mengi huchemshwa ili yatoe uchungu. Lakini fundi mmoja pale kiwandani alikuwa akibakiza mengine, akayatia yakiwa makavu hivyo hivyo bia ikiwa imeshaumuka na kutulia, siku chache kabla ya kuingia kwenye chupa. Hayo hayakutoa uchungu wa maana. Yalitoa harufu, na Buberwa hakuisahau.

Rubisi anaitengeneza kama alivyofundishwa na baba yake. Ndizi za embire huivishwa shimoni, humenywa, kisha hukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao mpaka zitoe maji. Juisi huchujwa, hurudishwa mtumbwini, huongezwa maji, na juu yake hunyunyizwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Mtumbwi hufunikwa kwa majani ya mgomba. Kesho yake ni pombe, na kwa kawaida kesho kutwa yake imekwisha kunywewa.

Alichoongeza Buberwa kinaanzia hapo ambapo wengine wanamaliza. Huichuja rubisi kwenye pipa la plastiki, akatumbukiza mfuko wa kitambaa wenye hopsi anazotumiwa na mwenzake wa zamani wa Mwanza, na ndani ya mfuko akaweka jiwe lililooshwa ili usielee. Baada ya siku mbili huutoa na kujaza chupa. Vizibo havikazi, kwa sababu rubisi haiishi kuumuka kwa amri ya mtu. Mwaka wa kwanza alivikaza. Chupa zilipasuka chini ya kitanda, na mkewe Verdiana alitoka nje na shuka akipiga kelele kwamba kuna mtu anatupa mawe.

Verdiana ndiye aliyempinga mapema kuhusu kibuyu cha Kanazi.

"Baba Mwesiga, wapelekee rubisi ya watu."

"Hii ni ya nani? Ya ng'ombe?"

"Ya kwako. Wewe peke yako na pua yako."

Hakumsikiliza. Alikwenda Kanazi na pombe aliyoiona kuwa bora kuliko zote alizowahi kutengeneza, akifuatana na Mwesiga, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi Kamachumu, na Protase, binamu wa Buberwa, aliyekuwa mshenga. Walipokewa na watu wa Renatha, binti anayeposwa. Baba yake amefariki. Msimamizi ni baba yake mkubwa, mzee Kahangwa.

Mleta pombe huonja kwanza. Protase alionja, akameza, akapangusa mdomo. Kata ya kunywea ikapita kwa Kahangwa. Ndani yake kulikuwa na kipande cha kijani kilichopenya kwenye kitambaa, kidogo kama ukucha wa mtoto. Kahangwa alikiokota, akakiweka kwenye kiganja.

"Waitu Buberwa, hiki ni nini?"

"Ni ua, waitu. Linaitwa hopsi. Linatiwa kwenye bia."

"Bia ya dukani."

"Ndiyo."

"Na wewe umetuletea ya dukani?"

Wanawake waliokuwa mlangoni walicheka. Kahangwa hakucheka.

"Liliingia lini? Likiwa bado mtumbwini?"

Buberwa angeweza kuitikia na mambo yakaishia hapo. "Baada ya kuchuja," alisema. "Linawekwa mwishoni ili harufu isipotee."

"Baada ya kuchuja," Kahangwa alirudia.

Protase alidakia. "Mzee, mimi nimeonja wa kwanza, na bado nimekaa hapa."

"Wewe Protase ukinyweshwa hata maji ya betri utakaa hapo hapo ukingoja kata ya pili."

Kicheko cha sasa kilikuwa cha wote. Kilipokwisha, Kahangwa aliiweka kata chini bila kunywa.

Tatizo halikuwa ladha, maana hakuionja. Pombe ya posa hutengenezwa mchana, uani, majirani wakiingia na kutoka. Mtama ndicho kitu cha mwisho kuingia. Ikishaumuka na kuchujwa haiongezwi chochote, kwa kuwa tangu hapo haiko tena mbele ya watu. Iko mkononi mwa mtu mmoja. Zamani aliyetaka kumdhuru mtu alisubiri saa hiyo. Hakuna aliyemtuhumu Buberwa kwa sumu. Lakini pombe yake ilikuwa imefanyiwa kitu katika saa ile ile ambayo haitakiwi kufanyiwa kitu, na hakuna mtu wa Kanazi aliyekuwepo.

Buberwa aliijua kanuni hiyo tangu utotoni. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakuifuata, alijibu kwa kifupi: "Nilidhani inahusu vitu vibaya."

Kahangwa hakuivunja posa. "Binti hatujamnyima mtu," alisema akikabidhi kibuyu. "Ni pombe hii ndiyo hatuijui. Njooni tena. Lakini mkirudi na pombe hii hii, tusisumbuane."

Njiani, walipofika Muhutwe, Mwesiga alimgeukia baba yake.

"Tata, anayeoa ni wewe au mimi?"

Wiki iliyofuata Buberwa alikanyaga ndizi nyingine na kutia hopsi mtumbwini, pamoja na mtama, mbele ya majirani. Kwa hesabu yake kanuni ilikuwa imetimizwa. Hopsi hazikumtii. Povu la kuumuka lilitoka na harufu yote, na kilichobaki kilikuwa na ladha ya nyasi na ukakasi kwenye ulimi. Majirani waliimaliza bila kulalamika. Protase aliomba nyingine.

Ndipo Buberwa alipompigia simu Kahangwa na kumwomba aje Buganguzi aone kwa macho yake. Kahangwa alikuwa na msiba wa kuhudhuria Kamachumu, akapitia. Alifika kwa bodaboda, na fimbo yake ameikumbatia kifuani, akakuta rubisi imekwisha kuchujwa na mfuko wa hopsi uko kwenye sinia, haujafungwa. Alitia mkono, akatoa ua moja, akalipasua katikati, akanusa. Alinusa tena.

"Weka wewe," Buberwa alimwambia. "Kwa mkono wako."

Kahangwa aliufunga mfuko mwenyewe na kuutumbukiza kwenye pipa.

Siku mbili baadaye, akirudi kutoka msibani, alikuta chupa zimejazwa. Buberwa alionja kwanza, kisha akampa. Kahangwa alikunywa taratibu, akanyoosha kata aongezwe.

"Inanukia kama ganda la chungwa," alisema.

"Basi kanuni imetimia," Buberwa alisema. "Aliyeweka ni wewe."

"Mkono wangu naujua mimi. Watu wa Kanazi hawakuuona. Nikawaambie kwamba nimetia kitu kwenye pombe ya posa ya binti yetu, tena nyumbani kwa muoaji? Wataniuliza nilipewa nini."

Verdiana, aliyekuwa akimenya ndizi hatua chache kutoka hapo, alisema bila kuinua kichwa, "Afadhali amesema mwanamume mwenzako."

"Mama, wewe ulimwambia?" Kahangwa aliuliza.

"Nimwambie mara ngapi, waitu? Anasikia kwa pua."

Buberwa alijaribu kwa mara ya mwisho. Alisema kibuyu ndicho kinachowaeleza wakwe wao ni watu gani, na kwamba yeye hana kitu kizuri zaidi ya hiki cha kuwaeleza. Kahangwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kweli anataka Mwesiga asubiri mpaka Kanazi yote ijifunze kunusa.

Buberwa alitazama chupa.

"Sitaki," alisema.

"Basi hizi utanipa siku ya harusi, mimi na wewe tukae pembeni. Kwenye kibuyu, hapana."

Chupa sasa ziko stoo, vizibo vimelegezwa, mbali na kitanda. Hopsi zilizobaki zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni na kuwekwa juu, karibu na paa, ambako panya hawafiki. Verdiana ameosha kibuyu kwa maji ya moto na kukianika. Ndizi za embire zimo shimoni, na Mwesiga ameomba kuzikanyaga yeye mwenyewe.

Kibuyu kitakwenda Kanazi Jumamosi, tarehe 6 Julai. Protase ataonja kwanza. Ndani yake kutakuwa na ndizi, maji na mtama.