Zizi la Sebuleni

Mnunuzi wa pamba, mmoja wa wale watu binafsi walioingia Bariadi serikali ilipoifungua biashara hiyo, hakuwa na hata ndama katika nchi ile ya wafugaji. Alikuwa na sungura, tena sebuleni! Kila asubuhi Mektilda, jirani aliyemletea maziwa, alimkuta amepiga magoti akiunga waya wa redio uliotafunwa, huku akibembeleza, "Acha, mwanangu, acha." Sungura alipoanza kufukua kochi jipya, bwana mkubwa akalizungushia matawi ya miiba kama zizi la ng'ombe. Mektilda alibana kicheko mpaka barabarani. Kesho yake alimkuta kachuchumaa sakafuni na kikombe chake cha chai, suruali imechanwa na miiba. Sungura alikuwa amepenya zizini, kalala juu ya kochi.

"Mwangaluka!" Mektilda alisalimu kwa Kisukuma, salamu ya asubuhi.

"Taratibu, mama," mnunuzi alinong'ona. "Utamwamsha."