Kifaa cha Ramani cha Marehemu

Fundi umeme wa magari wa mtaani kwetu haongei na mteja kabla hajakishika kifaa. Hukitikisa sikioni kama anayepima yai, kisha kwa kidole chenye ncha iliyoungua hubonyeza kitufe cha kukirudisha kilivyotoka kiwandani, kitupu. "Magonjwa mengi huishia hapa," husema, na mara nyingi husema kweli.

Jana mama mmoja alimletea kifaa cha ramani cha gari la marehemu mumewe. Kila baada ya dakika mbili kilijizima. Fundi akabonyeza kitufe chake kilekile, akangoja, kikazima vilevile. Ndipo alipouvuta waya wa chaji, akaukuta umekatikia ndani, pale unapopinda. Akauunga, akauzungushia utepe, kikawaka na kutulia.

"Nionyeshe safari yake ya mwisho, baba," mama akasema. "Hakuniaga. Mpaka leo sijui alikuwa anakwenda wapi."

Fundi akatazama kioo. Kilikuwa kimeandika kwamba hakuna safari iliyohifadhiwa. Akakipangusa kwa pindo la shati, akakipangusa tena.

"Sasa hakizimi, mama," akasema, bila kuinua macho.